Kirusi cha B19: kukiona ni rahisi, kukitia hatiani ni kazi

Mzazi wa mtoto mwenye selimundu huzoea mwenendo wa ugonjwa: maumivu ya mifupa, macho ya njano, homa, dripu, kisha kurudi nyumbani. Lakini kuna siku ambayo haifuati mwenendo huo. Mtoto halalamiki maumivu makubwa, macho hayajazidi unjano, ila midomo na viganja vimepauka, anahema akitembea hatua chache, na moyo unamwenda mbio. Damu ikipimwa, himoglobini iliyokuwa gramu 8 kwa desilita juma lililopita imeshuka hadi 4. Hakuna mahali alipotoka damu. Malaria haikuonekana. Bandama haijavimba. Damu imekwenda wapi?

Haikwenda popote. Imeacha kutengenezwa. Kirusi kidogo kiitwacho parvovirusi B19 kimeingia kwenye uboho wa mifupa, mahali chembe nyekundu za damu zinapozaliwa, na kwa muda wa wiki moja hivi kimefunga kiwanda. Kirusi hichohicho kikimpata dada yake asiye na selimundu, huenda kikamwachia homa ya siku mbili na vipele, au kisimwachie alama yoyote. Kikimpata mama yao mwenye ujauzito wa miezi minne, mambo yanabadilika tena.

Kabla ya kwenda mbali, tuondoe mkanganyiko mmoja. Wanaofuga mbwa wanaijua "parvo", ugonjwa wa kuhara damu unaoua watoto wa mbwa na ambao ulienea duniani kuanzia mwaka 1978. Hicho ni kirusi cha ukoo mmoja na B19, lakini ni kingine. Mbwa hamwambukizi mtu parvo yake, wala mtu hamwambukizi mbwa B19. Kinachozungumzwa hapa ni kirusi cha binadamu peke yake, kinachosafiri kwa makohozi na mate, kutoka mama kwenda kwa mtoto aliye tumboni, na mara chache kwa damu ya kuongezewa.

Kirusi kilichopatikana kabla ya ugonjwa wake

Yvonne Cossart, daktari kutoka Australia aliyekuwa akifanya kazi London, hakuwa anakitafuta. Katikati ya miaka ya 1970 alikuwa anapima homa ya ini aina ya B kwenye damu ya wachangiaji wenye afya zao. Baadhi ya sampuli zilimsumbua: kipimo kimoja kilisema kuna kitu, kingine kikasema hakuna. Wengi wangeandika "kosa la kipimo" wakaendelea na kazi. Yeye aliziweka sampuli hizo chini ya darubini ya elektroni, akaona vitufe vidogo mno, vya upana wa nanomita 23 hivi. Sampuli mojawapo ilikuwa ya 19 katika kundi B la vipimo vyake, na jina B19 likatokana na hapo.

Taarifa yake ilichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1975. Kwa miaka kadhaa baadaye kukawa na hali ya kuchekesha kidogo katika tiba: kirusi kinajulikana, kinga dhidi yake inaonekana kwa watu wazima wengi, maana yake watu wengi wamewahi kukipata, lakini hakuna aliyejua kinaleta ugonjwa gani. Kwa kawaida tiba huanza na mgonjwa na kuishia kwenye kijidudu. Hapa safari ilianzia mwisho.

Upande wa pili, wagonjwa walikuwepo zamani, bila kijidudu. Mwaka 1948 Paul Owren, daktari wa Norway, alieleza juu ya watu wenye ugonjwa wa kurithi unaofanya chembe nyekundu zivunjike mapema. Waliposhikwa na kishindo cha ghafla cha kuishiwa damu, madaktari wa wakati huo walidhani chembe zimezidi kuvunjika. Owren aliangalia uboho akaona kinyume chake: ulikuwa umeacha kuzalisha. Na kwa kuwa ndugu wa nyumba moja walishikwa kwa kufuatana, ilikuwa wazi kwamba kuna maambukizi. Maambukizi ya nini? Swali hilo lilikaa zaidi ya miaka 30.

Mwaka 1981 pande mbili zikakutana. Huko London, timu ya John Pattison ilikuta dalili za B19 kwenye damu ya watoto wenye selimundu waliolazwa kwa kuishiwa damu ghafla. Mwaka huohuo Graham Serjeant na wenzake mjini Kingston, Jamaica, walitoa ushahidi mzito zaidi. Jamaica walikuwa na kitu ambacho hospitali nyingi hazina hadi leo: kundi la watoto wenye selimundu waliofuatiliwa tangu kuzaliwa, na damu yao kuhifadhiwa kwenye majokofu mwaka hadi mwaka. Wimbi la watoto kuishiwa damu lilipotokea, watafiti walirudi kwenye majokofu. Damu ya kabla ya wimbi haikuwa na kinga ya B19. Ya baada yake ilikuwa nayo. Ufuatiliaji wa miaka iliyofuata ukaonyesha jambo jingine la kuwafariji wazazi: mtoto aliyepitia kishindo hiki mara moja hakukipata tena. Kinga yake hudumu.

Hesabu ya siku nane

Kwa nini mtoto mmoja aingie chumba cha dharura na mwenzake aendelee kucheza? Kirusi hakimpigi mmoja kwa nguvu zaidi kuliko mwingine. Kinachotofautiana ni umri wa chembe nyekundu.

Chembe nyekundu ya mtu mwenye afya huishi siku 120 hivi. Kila siku, basi, moja katika kila chembe 120 hufa, na uboho hutoa nyingine kuziba pengo. B19 ikisimamisha uboho kwa siku 8, mtu huyo atapoteza asilimia 7 hivi ya chembe zake. Himoglobini ya 14 itakuwa 13. Hatajua. Chembe za mwenye selimundu huishi siku 10 hadi 20 tu, na anamudu maisha kwa sababu uboho wake unazalisha kwa kasi ya ajabu, mchana na usiku. Chukua wastani wa siku 15. Uboho ukisimama siku zilezile 8, karibu nusu ya chembe zinaondoka bila kufidiwa. Ile 8 inakuwa 4, na 4 ni kiwango ambacho moyo huanza kushindwa.

Ukishaishika hesabu hii, karibu kila kitu kuhusu B19 kinaeleweka. Mtu yeyote ambaye chembe zake zinaishi muda mfupi yumo hatarini: mwenye selimundu, mwenye thalasemia, mwenye magonjwa mengine ya kurithi ya chembe nyekundu. Kijusi nacho kimo, kwa sababu chembe zake hazidumu kama za mtu mzima na mwili wake unakua haraka mno, hivyo hauwezi kuvumilia siku nane za kutozalisha. Na pia, kwa upande mwingine, mtu ambaye kinga yake imedhoofika, kwa UKIMWI usiotibiwa au kwa dawa za kuzuia mwili usikatae figo iliyopandikizwa: kwake chembe zinaishi muda wa kawaida, lakini zile siku nane zinageuka kuwa miezi, kwa kuwa hakuna wa kukifukuza kirusi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, wakiongozwa na Neal Young, walionyesha kwamba wagonjwa wa namna hii husaidika wakipewa kingamwili zilizokusanywa kutoka kwa wachangiaji damu wengi. Watu wazima wengi wamewahi kupata B19, kwa hiyo kinga iliyokosekana kwa mmoja inaazimwa kwa wengine.

Mbona kirusi kinachagua chembe nyekundu changa na kuziacha seli nyingine? Sehemu ya jibu ni uhaba wa vifaa. B19 ina uzi mmoja wa DNA wenye herufi zipatazo 5,600, wakati za binadamu ni bilioni tatu. Hakina hata kimeng'enya chake cha kunakili DNA. Lazima kikaazime ndani ya seli ambayo yenyewe inajigawa. Uboho umejaa seli za namna hiyo. Sehemu ya pili ni mlango. Mwaka 1993 kundi la Young, kupitia kazi ya Kevin Brown, lilitangaza kwamba kirusi hushika kwenye mafuta fulani ya juu ya seli yaitwayo globosidi, ambayo wataalamu wa makundi ya damu huyajua kama antijeni P. Mwaka uliofuata likaja jambo la kuvutia: watu wachache sana duniani waliozaliwa bila antijeni hiyo hawaambukizwi B19 kabisa. Ilionekana kesi imefungwa. Haikufungwa. Miaka ya karibuni watafiti wa Bern, Uswisi, wameonyesha kwamba globosidi haihitajiki kirusi kinapoingia ndani ya seli. Inahitajika baadaye, kirusi kikiwa tayari ndani na kinatafuta njia ya kuelekea kwenye kiini. Asiye na antijeni P bado yuko salama, lakini sababu siyo ile iliyofundishwa vyuoni kwa karibu miaka thelathini.

Siku ya saba na siku ya kumi na saba

Mwaka 1983 watafiti wa Uingereza walifuatilia mlipuko wa vipele kwenye shule ya msingi kaskazini mwa London, wakakikuta kirusi kilekile. Ugonjwa huo wa vipele ulikuwa unajulikana tangu zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wa Ulaya waliyapa namba magonjwa ya watoto yenye vipele, surua ikiwa miongoni mwa ya mwanzo, na huu ukawa "ugonjwa wa tano". Alama yake kuu katika vitabu ni mashavu mekundu, kana kwamba mtoto amepigwa makofi. Hapa nina neno na vitabu hivyo: picha zake karibu zote ni za watoto weupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri, au hauonekani kabisa, na huenda ndiyo sababu moja ya ugonjwa huu kutotajwa sana kwetu, ingawa kirusi kipo tele.

Kulikuwa na jambo lisiloingia akilini. Watoto wenye selimundu walipolazwa, damu yao ilikuwa imejaa virusi. Watoto wenye mashavu mekundu walipopimwa, virusi kwenye damu vilikuwa vimekwisha au karibu kwisha. Ugonjwa mmoja unawezaje kuwa na sura mbili zinazopingana hivi?

Jibu lilitoka kwa watu waliokubali kuambukizwa kwa hiari. Karibu na mji wa Salisbury, kusini mwa Uingereza, kulikuwa na kituo cha utafiti wa mafua ambako watu wa kawaida walikwenda kukaa siku kadhaa, wakala na kulala bure, wakadondoshewa virusi puani. Mary Anderson na wenzake walifanya hivyo kwa B19, na matokeo yakachapishwa mwaka 1985. Hakuna njia safi zaidi ya kujua ratiba ya maambukizi, maana siku ya kwanza inajulikana kwa saa.

Takriban wiki moja baada ya matone ya puani, damu ya wale wasio na kinga ilijaa virusi. Walipata homa, baridi, mwili kuuma, kama mafua ya kawaida. Ni wakati huohuo virusi vilipoonekana kooni na puani, kwa hiyo ni wakati huo mtu anapoambukiza wenzake. Siku zilizofuata, chembe nyekundu changa, zile zilizotoka tu kwenye uboho, zilitoweka kwenye damu yao. Himoglobini ilishuka kidogo tu, kama hesabu yetu inavyotabiri kwa mtu mwenye afya. Kingamwili zikatokea, virusi vikapungua, uboho ukaamka. Kisha, siku ya 17 au 18, mambo yakiwa yameonekana kutulia, baadhi yao wakapata vipele na maumivu ya viungo.

Vipele, basi, haviletwi na kirusi moja kwa moja. Vinaletwa na kinga ya mwili inapokusanya mabaki ya vita. Ndiyo maana maumivu ya viungo huwapata zaidi watu wazima, hasa wanawake, kwenye vidole, vifundo vya mikono na magoti, na wengine huzunguka hospitalini kwa wiki kadhaa wakidhaniwa wana baridi yabisi.

Ukiielewa ratiba hii, mengine yanageuka juu chini. Mwalimu anayemrudisha nyumbani mtoto mwenye vipele vya ugonjwa wa tano hamkingi mtu: mtoto huyo ameshamaliza kuambukiza, aliwaambukiza wenzake wiki iliyopita alipokuwa na mafua tu. Lakini mtoto wa selimundu anayelazwa kwa kuishiwa damu yuko katikati ya kilele cha virusi. Anaweza kumwambukiza mgonjwa wa kitanda cha jirani na muuguzi mjamzito anayemwekea dripu. Yeye ndiye wa kutengwa. Na kama nyumbani kuna mdogo wake mwenye selimundu pia, macho yaelekezwe kwake mapema, kwa sababu ndani ya nyumba karibu nusu ya wasio na kinga huambukizwa.

Kwa wajawazito

Mwaka 1984 iliripotiwa kwa mara ya kwanza kwamba B19 inaweza kufika kwa kijusi na kukiua. Kijusi kikipungukiwa sana na damu, moyo hushindwa na mwili hujaa maji. Taarifa kama hiyo huleta hofu kubwa, na kwa muda mfupi kweli ilileta. Kilichohitajika ni takwimu za wanawake wote walioambukizwa, wakiwemo wale ambao mambo yao yalikwenda salama na hivyo hawakuandikwa popote.

Huduma ya maabara za afya ya umma ya Uingereza ilitoa takwimu hizo mwaka 1990, baada ya kuwafuatilia wajawazito 190 waliothibitika kuambukizwa. Kirusi kilivuka kwenda kwa kijusi kwa kadiri ya theluthi moja. Waliopoteza mimba kwa sababu ya kirusi walikadiriwa kuwa 9 katika kila 100. Hatari ilikuwa kabla ya wiki ya 20. Na tofauti na rubela, ugonjwa mwingine wa vipele unaoweza kumharibu mtoto tumboni, watoto waliozaliwa hai hawakuonekana kuachiwa kasoro za viungo. Kwa ufupi, wajawazito wengi walioambukizwa walijifungua salama.

Siku hizi aliyeambukizwa hufuatiliwa kwa altrasaundi kwa wiki kadhaa. Kipimo kinachotumika ni kasi ya damu kwenye mshipa wa ubongo wa kijusi: damu ikiwa chache huwa nyepesi na hukimbia. Kasi ikipanda, kijusi kinaweza kuongezewa damu kupitia mshipa wa kitovu, kikiwa bado tumboni. Huduma hiyo hupatikana katika hospitali chache mno Afrika Mashariki, jambo ambalo lisifichwe, ingawa kujua hatari ilipo bado kunasaidia.

Virusi kwenye mifupa ya askari

Sasa tufike kwenye fundo lenyewe. Vipimo vya kisasa vya kutafuta DNA vilipokuja, watafiti walianza kuikuta B19 kila mahali: kwenye misuli ya moyo ya wenye moyo uliovimba, kwenye viungo vya wenye baridi yabisi, kwenye ini, kwenye ngozi. Taarifa zikamiminika kwamba B19 inaleta ugonjwa huu na ule.

Wafini ndio waliomwaga maji baridi. Mwaka 2006 kundi la Chuo Kikuu cha Helsinki lilionyesha kwamba mtu akishaambukizwa, vipande vya DNA ya B19 hubaki kwenye tishu zake maisha yote, hata akiwa mzima kabisa. Zaidi ya hapo, aina ya kirusi iliyobaki ilitegemea mwaka wa kuzaliwa: waliozaliwa kabla ya mwaka 1973 ndio tu waliokutwa na aina ya 2, ambayo baadaye ilitoweka karibu kabisa Ulaya ya kaskazini, wakati aina ya 1 ilikuwa kwa watu wa rika zote. Mwaka 2015 kundi hilo likaenda mbali zaidi. Lilichunguza mifupa ya askari waliokufa katika Vita vya Pili vya Dunia, iliyokaa ardhini na misituni kwa karibu miaka sabini, likakuta DNA ya B19 bado imo. Wengine wamekwenda nyuma maelfu ya miaka: mwaka 2018 virusi vya B19 vilisomwa kutoka kwenye mabaki ya watu wa Ulaya na Asia, ya kale zaidi yakiwa na umri wa miaka karibu 6,900. Na huko Mexico City, mabaki ya Waafrika wa enzi za ukoloni wa Wahispania yalikutwa na aina ya 3, ambayo leo huonekana zaidi Afrika Magharibi. Biashara ya watumwa ilivusha bahari hata virusi vilivyokuwa uboho mwa watu.

Historia hiyo inasisimua, lakini kwa daktari ina ujumbe mkali. Kama DNA ya kirusi inaweza kukaa kwenye mfupa wa mtu aliyekufa vitani, kuikuta kwenye moyo wa mgonjwa wa leo hakuthibitishi kwamba ndiyo iliyomuumiza. Mshitakiwa kukutwa nyumbani kwake si ushahidi. Kinachotakiwa ni ushahidi wa wakati: kirusi kilikuwa kinazaliana siku zile mgonjwa alipoumia.

Kilifi na Papua New Guinea

Hapa ndipo utafiti huu unapotugusa moja kwa moja. Malaria nayo huvunja chembe nyekundu na kufupisha maisha yake. Kwa hesabu yetu ileile, mtoto asiye na selimundu lakini mwenye malaria za mara kwa mara, minyoo na upungufu wa madini ya chuma anaweza kuwa dhaifu mbele ya B19 karibu kama mwenye selimundu. Je, sehemu ya vifo vya watoto kwa upungufu wa damu, ambavyo tumezoea kuvibebesha malaria peke yake, ina mkono wa B19?

James Wildig na wenzake waliuliza swali hilo kwanza Papua New Guinea. Mwaka 2006 waliripoti uhusiano wa nguvu kati ya maambukizi mapya ya B19 na upungufu mkali wa damu kwa watoto wadogo. Kisha wakaja Kilifi, pwani ya Kenya, ambako watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na mfuko wa Wellcome wa Uingereza walikuwa na damu iliyohifadhiwa ya watoto waliolazwa kati ya mwaka 1999 na 2004. Miongoni mwa waandishi wa kazi hiyo, iliyochapishwa mwaka 2010, alikuwemo Yvonne Cossart mwenyewe, miaka 35 baada ya sampuli yake ya 19.

Walilinganisha watoto 264 wa chini ya miaka sita wenye upungufu mkali wa damu na wenzao 264 wasio nao. Soma matokeo yao polepole, maana jibu linategemea unapima nini. Ukitafuta DNA ya kirusi, tofauti kati ya makundi haikuwa ya kutosha kusema lolote. Ukitafuta kingamwili za mwanzo, zile zinazoonyesha maambukizi mapya, za kiasi chochote, ni wagonjwa 10 kwa wenzao 5: bado inaweza kuwa bahati. Lakini ukihesabu wale tu waliokuwa na kingamwili hizo kwa wingi sana, hali inayotokea karibu na siku himoglobini inapofika chini kabisa, unapata wagonjwa 7, na upande wa pili sifuri. Hiyo si bahati. Na wengi wa hao 7 walilazwa mwaka 2003.

Mimi naona fundisho la Kilifi liko kwenye ule mwaka 2003 kuliko kwenye idadi yenyewe. B19 huja kwa mawimbi, miaka kadhaa kimya, kisha mwaka mmoja wa maambukizi mengi. Utafiti wa miezi sita unaweza kuangukia kwenye ukimya ukasema hakuna tatizo, na mwingine ukaangukia kwenye wimbi ukasema ni balaa. Ndiyo maana tafiti za Afrika kuhusu B19 zimekuwa zikipingana, na kila upande unaweza kuwa umepima sawasawa.

Mawimbi hayo yalionekana wazi duniani mwaka 2024. Baada ya miaka ya Uviko-19, ambapo watoto walikaa nyumbani na B19 ikakosa wa kuwaambukiza, nchi nyingi za Ulaya ziliripoti ongezeko kubwa. Marekani nayo ilitoa tahadhari Agosti mwaka huo: miongoni mwa watoto wa miaka 5 hadi 9 waliopimwa, wenye kingamwili za maambukizi mapya walipanda kutoka asilimia 15 hadi 40. Ufaransa ilipoteza watoto wachanga.

Chanjo iliyokwama

Kinga ya B19 hudumu, kirusi hakibadiliki haraka, na kundi linalohitaji kulindwa linajulikana. Kwa sifa hizo chanjo ingekuwa imepatikana zamani. Majaribio yalifanyika Marekani kwa kutumia maganda matupu ya kirusi, yasiyo na DNA ndani, yaliyotengenezwa kwenye seli za wadudu. Jaribio la kwanza kwa binadamu, lililochapishwa mwaka 2003, lilikwenda vizuri. Jingine lilisimamishwa baada ya baadhi ya waliochanjwa kupata vipele vya ngozi, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2011. Hadi sasa hakuna chanjo iliyoidhinishwa. Unaweza kuuliza kama mambo yangekuwa hivi iwapo selimundu ingekuwa ugonjwa wa watoto wa London zaidi kuliko wa Mwanza. Tanzania peke yake inakadiriwa kupata watoto zaidi ya 10,000 wenye selimundu kila mwaka.

Dawa ya kuua kirusi chenyewe nayo haipo. Kuna hydroxyurea, ambayo watoto wengi wa selimundu wameanza kuitumia. Inarefusha maisha ya chembe nyekundu, na kwa hesabu ya siku nane hilo peke yake linapaswa kupunguza makali. Uzoefu wa Marekani unaelekea huko: watoto waliokuwa kwenye dawa hiyo walipopata B19, mahitaji yao ya kuongezewa damu yalikuwa madogo kuliko ya wasioitumia.

Kilichobaki ni kuutambua ugonjwa mapema, na kwa hilo hakuna haja ya mashine ya DNA. Mtoto wa selimundu akipauka ghafla, kuna njia mbili kubwa damu inavyoweza kutoweka kwenye mzunguko. Bandama inaweza kuwa imeimeza: hapo tumbo la kushoto litakuwa limevimba, na uboho utakuwa unahaha kutoa chembe changa kwa wingi. Au uboho umesimama: hapo chembe changa zitakuwa chini ya asilimia 1, wakati mtoto wa selimundu siku zake za kawaida huwa nazo nyingi kupita mtu mwenye afya. Kuzihesabu kunahitaji rangi ya bluu ya maabara, kioo, darubini na fundi wa maabara mwenye dakika chache za kukaa juu ya darubini. Kwenye fomu ya vipimo kipimo hicho huandikwa "retikulosaiti", na mara nyingi hakiombwi mpaka mtu akitaje.